Ng'ombe Niliyemtia Asali

Mdogo wangu Natalia alianza kuniambia "dada, tuapdeti" mwezi wa sita, na mpaka wa saba unaingia alikuwa ameshaniambia asubuhi, mchana, na mara moja kanisani wakati wa matangazo. Tuna studio ya picha hapa Mpanda, karibu na soko. Mimi, Emerensiana, napiga picha na kuziediti. Yeye anapamba maharusi na kutengeneza fremu. Kompyuta ya kueditia ni yangu, programu iliyomo nimekaa nayo miaka kumi na minne, na hatujawahi kugombana. Kwa hiyo kuambiwa niiache kwa sababu imezeeka kulinikera. Mimi mwenyewe nina miaka arobaini na saba na hakuna aliyewahi kuniletea toleo jipya.

Hilo jipya, kwa maelezo ya Natalia, hulinunui likawa lako. Unalilipia kila mwezi kama king'amuzi, na usipolipa linakufungia. Alikuwa amelipakua kwenye laptop yake kwa majaribio ya siku thelathini, bure, na kila asubuhi alinitangazia siku zilizobaki. "Ishirini na tisa, dada." Nilimwambia zikifika sifuri tutamshukuru Mungu pamoja.

Ukweli ni kwamba kilichonifunga ni Asali. Programu yangu inakuruhusu ufanye kazi mara moja, inairekodi, halafu picha nyingine yoyote ukibonyeza kitufe kimoja inapita njia ile ile. Mapishi yangu niliyaweka humo mwaka wa kwanza: mwanga uongezeke kidogo, wekundu uingie, weusi wa chini ya macho upungue, kila kitu kiive. Nikayaita Asali kwa sababu picha zilitoka na rangi ya asali ya Inyonga. Mpanda nzima imepita humo. Maharusi, watoto wa kipaimara, wagombea udiwani, hata marehemu wa kuwekwa kwenye fulana. Watu wanaingia mlangoni wanasema, "Mama, na asali usisahau." Natalia alipojaribu kuyahamishia mapishi hayo kwenye toleo jipya, likamjibu kwamba halijui hicho ni kitu gani. Kwangu mazungumzo yalikuwa yameisha hapo.

Nilikuwa na utaratibu mwingine ambao Natalia hakuupenda. Nikishaipitisha picha kwenye Asali, ile ya kwanza naifuta. Kompyuta imejaa, na nani anatunza maganda ya viazi alivyokwisha kuvipika? Nahifadhi iliyoiva kwa jina lile lile, mbichi inaondoka, na kadi ya kamera naisafisha kwa kazi ya kesho. Miaka kumi na minne hakuna mteja aliyewahi kurudi kudai picha yake mbichi.

Halafu akaja mzee Mabula wa Kakese.

Mabula ni Msukuma, mfugaji, mtu mrefu anayeongea polepole kiasi kwamba unaweza kumaliza kusuka nywele kabla hajafika mwisho wa salamu. Mwanawe Ezekia alikuwa amemchumbia Monika, binti wa mzee Malale wa kule juu ya Ikola, ziwani. Walikuwa wameshaelewana ng'ombe kumi na wawili. Kwa kawaida yao baba wa binti huenda mwenyewe zizini, akawapitia mmoja mmoja, na asiyemtaka akamkataa palepale. Lakini Malale alikuwa ameanguka akaumia nyonga, na barabara ya kutoka Ikola kuja huku si ya mtu mwenye nyonga mbovu. Wakakubaliana apelekewe picha kwenye simu ya Monika, kila ng'ombe peke yake, ubavu mzima, kwato mpaka pembe.

"Nipigie kama unavyowapiga watu," Mabula akaniambia. Alimaanisha nifanye kwa uangalifu na heshima. Mimi nikalichukua neno lake lilivyo.

Sasa niseme jambo moja la kunitetea, hata kama halitoshi. Mimi ni Mpimbwe. Kwetu tunalima mpunga na mahindi, na ukiniwekea punje kiganjani nitakutajia mbegu yake nikiwa nimesinzia. Ng'ombe kwangu ni ng'ombe. Sikujua kwamba kwa Wasukuma kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na kila mchanganyiko wa rangi una jina lake, na mtu anaweza kumwelezea mwenzake ng'ombe kwa simu na mwenzake akaenda mnadani akamtambua. Mabula hakuniambia, kwa sababu kwake ilikuwa sawa na kuniambia kwamba watu wana pua.

Tulikwenda Kakese asubuhi, mimi na Natalia. Ezekia aliwatoa mmoja mmoja, na baba yake akawa anawapangusa vumbi kwa kiganja kama mama anayepeleka mtoto kubatizwa. Wa saba alikataa kusimama peke yake. Ikabidi Mabula amwekee mkono mgongoni, ndipo akatulia. Alikuwa na rangi ambayo mimi sikuwa na neno lake, kijivu kinachoelekea kahawia, kama majivu yaliyomwagikiwa chai. Tuliporudi studio Natalia alinakili picha zote kwenye laptop yake ili azifanyie mazoezi kwenye programu yake mpya. Nikamwambia aanze na ng'ombe, hawalalamiki.

Wa kwangu nikawatia Asali wote kumi na wawili. Weusi walibaki weusi, weupe wakaingia rangi ya krimu kidogo, lakini wa saba, jamani, wa saba alitoka mwekundu kama tofali lililoiva. Nilifurahi utadhani nimemzaa. Natalia akapita nyuma yangu, akachungulia.

"Dada, hata ng'ombe?"

"Nao si wanakwenda harusini?"

Nikazituma moja kwa moja kwenye namba ya Monika, maana Mabula na Ezekia wote simu zao ni za vitufe. Majibu yalirudi baada ya siku tatu. Malale amewakubali wote, na yule wa saba ameombwa na mama wa binti, mama Specioza, awe wake mwenyewe, ng'ombe wa mama. Mabula aliniletea kibuyu kizima cha maziwa ya mgando. Nikammiminia Natalia bakuli, nikamwambia anywe maziwa ya programu ya zamani. Akanywa, akaramba na kijiko.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Mabula akarudi. Nikamkaribisha kiti, hakukaa.

"Ng'ombe wamefika," akasema. "Malale amewaingiza kumi na mmoja zizini. Wa saba amemfunga nje. Anasema nimembadilisha."

"Umembadilisha vipi tena, mzee?"

"Anasema kwenye picha alionyeshwa mwekundu, na niliyempelekea ni kijivu. Amesema mbele ya wazee kwamba mwekundu nimemficha." Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. "Mama, kwetu sisi mtu anayebadilisha ng'ombe wa mahari haketi na wenzake hata msibani. Amenipa mpaka Jumapili. Nipeleke mwekundu, au niwaswage na hao kumi na mmoja nirudi nao, na Monika abaki kwao. Ezekia hali chakula."

"Hiyo picha wewe umeiona?"

"Walinionyesha kwenye simu ya binti. Mkono ni wangu. Bangili hii ya shaba ni yangu." Akainua mkono nikaiona. "Ng'ombe simjui. Sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Sasa nimekuja kwako wewe uliyepiga, uniambie mkono wangu ulimshika nani."

Nilijua palepale, kabla hajamaliza. Na nitasema kweli, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa kwamba mashine imeharibika. Lilikuwa tayari, tena lingekubalika, kwa sababu nani angebishana na mashine? Nikamwambia asubiri, nikawasha kompyuta, nikaanza kutafuta ile picha ya kwanza. Nilitafuta huku nikijua kwamba haipo. Nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu na kadi nikaisafisha, na kilichobaki ni ng'ombe mmoja mwekundu kwenye kioo, mwenye mkono wa Mabula mgongoni, ushahidi kamili wa wizi ambao haukutokea.

Natalia alikuwa kwenye meza yake anakata kadi za fremu. Aliweka kisu chini. Akafungua laptop yake bila kunitazama.

"Zimebaki siku nne," akasema, nikatamani kumtupia kiti. Halafu akatafuta, akamfungua ng'ombe wa saba. Wa kwake alikuwa mwekundu kuliko wangu. Ndiyo mazoezi aliyokuwa akiyafanya, kuiga Asali kwa macho, aone kama programu mpya inaiweza.

"Natalia, na wewe umemharibu."

"Subiri, dada." Akabonyeza mahali pamoja tu. Wekundu ukaondoka, mwanga ukarudi nyuma, na ng'ombe akasimama pale na kijivu chake chenye chai, na vumbi la Kakese miguuni, na mkono wa Mabula mgongoni. "Hii haitupi mbichi. Inaiweka chini, mapishi yanakaa juu. Ukiyaondoa, ya chini ipo."

Mabula akasogea. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye wangu." Akatazama kioo cha Natalia, akageuka akatazama changu, akarudi cha Natalia.

Ikabidi niseme. Nikamwambia, "Mzee, hakuna aliyechanganya wala kubadilisha. Rangi niliitia mimi. Ndivyo ninavyowafanyia watu wote, nikamfanyia na huyu."

"Ulimpaka rangi?"

"Nilimpendezesha."

Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua, "Kwani alikuwa mbaya?"

Nimetukanwa na wateja mara nyingi. Yupo aliyenirushia albamu. Hakuna aliyewahi kuniingia kama mzee huyu. Nilimtazama yule ng'ombe wa kijivu kwenye laptop, na alikuwa mzuri. Manyoya ya shingoni yalikuwa yanabadilika rangi kuelekea tumboni, taratibu, kwa namna ambayo Asali yangu ilikuwa imeifuta yote. Niliona aibu mbele ya mdogo wangu, na hiyo ndiyo aibu mbaya kuliko zote.

Kutuma picha nyingine kusingefaa kitu. Malale alikuwa ameshadanganywa na picha, angeaminije ya pili? Nikamwambia Mabula kwamba Jumamosi tutakwenda wote Ikola, nami nitafanya mbele ya macho ya Malale nilichokifanya. Natalia alikuwa na bibi harusi siku hiyo, kwa hiyo asingeweza kuja. Ijumaa mchana akanikalisha mbele ya laptop akanifundisha: hapa unavuta, hapa unarudisha, hapa unaanza upya. Nilijifunza kwa saa moja kitu nilichokuwa nimekikataa tangu mwezi wa sita. Sikumwambia kwamba ni rahisi.

"Betri inakaa masaa matatu," akaniambia akiifunga kwenye kanga. "Usiiwashe njiani kuangalia kama ipo."

Nyumba ya Malale iko juu kidogo, ukisimama uani unaliona ziwa, na upepo ukigeuka unakuletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani kule chini. Malale alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu mmoja kaunyoosha, fimbo mapajani. Mama Specioza alikuwa mlangoni anachambua mchele, na Monika nyuma yake. Zizi lilikuwa limejaa. Nje ya zizi, kwenye mti mdogo, amefungwa yule wa kijivu peke yake, anawatazama wenzake.

"Mwangaluka," Mabula akasalimia.

"Mwangaluka," Malale akaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Kisha akaiona laptop. "Mmeleta picha nyingine. Nyie watu hamchoki?"

"Sijaleta picha, mzee," nikasema. "Nimekuja kukiri kosa. Naomba unipe dakika kumi, na ukiona nimekudanganya, ng'ombe wako wote kumi na mmoja nitawaswaga mwenyewe mpaka Kakese."

Akatazama viatu vyangu vya visigino. Nadhani ndivyo vilivyonisaidia, maana hakuna aliyewahi kuswaga ng'ombe na viatu vile. "Haya."

Nikaweka laptop kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamfungua ng'ombe akiwa mwekundu. Malale akanyoosha fimbo akagusa kioo. "Huyu ndiye."

"Tazama, mzee." Nikaushika ule mstari wa rangi nikauvuta polepole kuelekea kushoto. Wekundu ukaanza kumtoka ng'ombe, mgongoni, ubavuni, shingoni, mpaka akabaki kijivu. Mkono wa Mabula ulibaki pale pale, bangili pale pale. Nikavuta kulia, akawa mwekundu. Kushoto, kijivu.

Malale aligeuka akamtazama aliyefungwa mtini, kwa muda mrefu, akashuka naye kutoka pembe hadi kwato, akarudi kwenye kioo. Halafu akasema, "Nipe nivute mimi."

Nikamwonyesha pa kuweka kidole. Akavuta kwa nguvu kama anafunga lango, mstari ukapita kwingine kabisa, na ng'ombe akawa wa kijani, na mkono wa Mabula nao wa kijani. Monika alijiziba mdomo na kanga lakini kicheko kilishatoka. Malale akavuta tena, ng'ombe akawa wa bluu. Akavuta tena. Mzee mzima mwenye nyonga mbovu alimpitisha ng'ombe yule rangi zote za upinde wa mvua kabla hajaridhika.

"Kwa hiyo mwekundu hayupo," akasema hatimaye.

"Hayupo, mzee. Hajawahi kuwepo. Nimemtengeneza mimi kwa ujinga wangu."

Akashusha fimbo. "Monika, mfungue yule. Muingize ndani na wenzake." Alisubiri mpaka lango lilipofungwa ndipo akamgeukia Mabula. "Nimekutukana, mwenzangu."

"Umenitukana," Mabula akasema. "Mbele ya wazee."

"Nitawaita hao hao wazee kesho."

"Basi."

Yakaisha hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa na machozi, wao wakauliza habari za malisho. Monika akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama siku ya harusi nitamtia asali kama ninavyowatia maharusi wa Mpanda. Nikamuuliza kwani yeye ni mbaya. Akacheka. Nilijisikia mwepesi, nikanyoosha mkono niifunge laptop.

"Usifunge," mama Specioza akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu tufike. Aliweka ungo chini, akaja akachuchumaa mbele ya kinu. "Mrudishe yule mwekundu."

Nikamrudisha. Akamtazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto.

"Umesema hajawahi kuwepo," akaniambia. "Alikuwepo."

Nikadhani hajaelewa, nikataka kuanza kumweleza upya. Malale akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

"Tulitoka kwetu Shinyanga kwa miguu, na ng'ombe," akasema mama Specioza. "Mimi nina miaka kama saba. Mama alikuwa na mtoto mchanga, maziwa yakamkauka njiani. Huyu mwekundu ndiye aliyemlisha mdogo wangu, Tabora yote. Kule msituni, hatujafika Inyonga, mbung'o wakammaliza nguvu ng'ombe huyo. Baba akasema twende, tukikaa watakufa na wengine. Tukaenda. Mimi nilikuwa nageuka nyuma. Kasimama pale pale, hata hakutufuata, ananiangalia, mpaka miti ikamziba." Alipangusa vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kanga. "Nilipomwona kwenye simu nilisema, karudi. Halafu akaja kijivu. Hasira zile zilikuwa zangu. Baba Monika alizisema tu."

Mabula alitazama chini. Mimi nikauliza swali la kazi, ndilo ninaloliweza. Nikamuuliza kama alifanana kabisa.

"Pembe," akasema haraka, kana kwamba alikuwa anasubiri niulize. "Ya kushoto ilikuwa inainama. Hivi. Na hapa usoni ana doa jeupe."

Doa jeupe nililiweka. Pembe ikanishinda, Natalia hakunifundisha kukunja kitu. Nikampigia simu.

"Natalia, pembe naikunjaje?"

"Pembe gani, dada? Nimeshika kope za mtu hapa."

"Ya ng'ombe. Ya kushoto."

Akanielekeza, nami nikawa nabonyeza anapopataja, mama Specioza akiwa begani kwangu akisema zaidi, zaidi, hapana, rudisha kidogo, hapo. Pembe ikainama. Betri ilikuwa imebaki robo.

"Na ukimaliza na huyo bibi harusi," nikamwambia Natalia, "lipia hiyo programu."

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Lipia, zimebaki siku mbili. Na ile kompyuta yangu usiiguse, Asali itabaki kwa anayeiomba mwenyewe."

Nikakata simu kabla hajaanza kushangilia. Mama Specioza hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amesogea karibu zaidi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nikamuuliza aliitwa nani, akasema aliitwa Tinde, maana ndiko alikonunuliwa. Nikamwahidi kwamba nitamtoa mkubwa, kwenye karatasi nzuri, Natalia amtengenezee fremu, na siku ya harusi tuje naye. Yule wa kijivu atakupa maziwa, nikamwambia, na huyu utamtundika ukutani. Akasema wabeja, asante ya kwao, mara mbili.

Kilibaki kitu kimoja tu cha kusafisha. Mkono wa Mabula ulikuwa bado mgongoni mwa ng'ombe, ukiingia kutoka pembeni mwa picha, mkono bila mtu, na bangili yake. Mimi huwa naviondoa vitu kama hivyo bila hata kuuliza. Nilishaweka kidole tayari, nikakumbuka, nikauliza.

"Mama, huu mkono niuondoe?"

Mama Specioza alimtazama Tinde, halafu akamtazama Mabula aliyekuwa amesimama na kofia yake mkononi.

"Uache," akasema. "Awe na mtu."

Nikauacha, nikahifadhi.